Ngitili: Msitu Uliorudi kwa Kufungiwa

Kila ifikapo tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, simu yangu hujaa picha za wakuu wa wilaya, wenyeviti wa halmashauri na madiwani wakiwa wamechuchumaa kando ya shimo, wakishindilia udongo kuzunguka mche uliotolewa kwenye kiriba. Picha hizo hunifurahisha, kwa kuwa kiongozi anayeshika udongo mbele ya wananchi wake huwa ametamka neno zito bila kufungua kinywa. Hata hivyo, mimi ni mzaliwa wa Shinyanga, mahali ambapo miti iliteketea karibu yote kisha ikarudi, na sehemu kubwa ya miti hiyo iliyorudi haikupandwa na mkono wa mtu. Ilirudi kwa sababu vijiji vilikubaliana kuifungia ardhi, vikayaandika makubaliano hayo yakawa sheria ndogo, na vikaweka watu wa kuyalinda. Nimetamani kwa muda mrefu kulieleza jambo hili kwa utulivu, kwa sababu naona halmashauri nyingi zikitumia nguvu kubwa kwenye shimo na mche, na nguvu ndogo mno kwenye kile ambacho kwetu ndicho kilicholeta msitu.

Ardhi hiyo iliyofungiwa huitwa ngitili. Ngitili ya babu yangu ilikuwa nyuma ya nyumba, ikianzia kwenye uzio wa minyaa na kuteremka hadi mbugani, kwenye ile ardhi nyeusi inayonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Haikuzidi ekari kumi. Mvua za kwanza zilipoanza mwezi Novemba babu aliifunga, ingawa hapakuwa na lango wala kufuli. Alikata tawi la mgunga lenye miiba, akalilaza kwenye njia ya ng'ombe, na kuanzia siku hiyo sisi wachungaji wadogo tulijua kwamba ng'ombe atakayeonekana humo ataleta fimbo kwa aliyekuwa akimchunga. Majani yaliota, yakatoa mbegu, yakakauka yakiwa yamesimama. Kufikia Agosti, malisho ya kila mahali yalipokuwa yamegeuka vumbi, ngitili ile ilikuwa bado na nyasi zilizonifika kiunoni, na chini ya miti palikuwa na ubaridi ambao mtu aliuhisi usoni mara tu alipoinama kupita chini ya matawi.

Babu hakuwafungulia ng'ombe wote. Waliotangulia kuingia walikuwa maksai, kwa sababu hao ndio wangevuta plau mvua zitakaporudi, pamoja na ndama na ng'ombe waliokuwa wamedhoofika. Siku moja nilimuuliza kwa nini tunawaacha wengine na njaa ilhali nyasi zipo. "Mjukuu wangu," alinijibu, "maksai akikonda leo, wewe ndiye utakayelala na njaa mwakani." Sikumwelewa siku ile. Nilimwelewa miaka mingi baadaye, niliposoma jinsi mkoa wetu ulivyofikia hatua ya kutokuwa na nyasi za kumpa hata huyo maksai.

Miti ya Usukumani haikumalizwa na uvivu wala ujinga wa wakulima, kama ambavyo watu wasiotujua hupenda kusema. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilipigana na mbung'o, inzi waenezao ugonjwa wa malale, na silaha yake kubwa ilikuwa shoka. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o Tanganyika, aliifanya Shinyanga kuwa makao ya kazi hiyo, na maelfu ya watu walitolewa vijijini kwenda kufyeka vichaka na mapori ili mdudu huyo akose kivuli cha kukaa. Mbung'o walipungua kweli, na mifugo ikaongezeka katika ardhi iliyobaki wazi. Baadaye pamba ikapanuka, na kila ekari ya pamba ilikuwa ekari iliyong'olewa visiki. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na pamoja nao ikapungua nguvu ya zile amri za jadi zilizomkataza mtu kuingiza ng'ombe katika ngitili ya mwenzake. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika walihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Nyumba zikaenda upande mmoja na ngitili zikabaki upande mwingine, na ngitili isiyoonekana kutoka mlangoni kwa mwenyewe haina mlinzi.

Matokeo yake yalikuwa mazito. Wanawake walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni, na pale zilipokosekana kabisa walipikia mashina ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, ambayo yangefaa zaidi kuwa mbolea shambani. Mama yangu alikuwa akituambia kwamba katika miaka hiyo aliyekuwa na kuni kavu nyumbani alizificha uvunguni mwa kitanda, kama mtu anavyoficha fedha.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ukisaidiwa na Norway, na baadaye kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, kikaingia upande wa utafiti. Mwanzoni mpango huo ulifanya kile ambacho mipango mingi hufanya: ulijenga vitalu, ukajaza viriba na kugawa miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Baadhi ya miche hiyo ilikua. Lakini maofisa walipoanza kukaa na wazee na kuwauliza wao wenyewe walikuwa wakiihifadhi vipi ardhi yao zamani, jibu lililorudi tena na tena lilikuwa neno moja tu, ngitili. Nawaheshimu sana wale waliokubali kulisikia jibu hilo na kubadili mwelekeo wa mpango, kwa sababu kwa mtaalamu aliyekuja na bajeti ya miche si jambo jepesi kukubali kwamba dawa ilikuwa imelala nyuma ya nyumba ya mgonjwa.

Wakati HASHI inaanza, ngitili zilizokuwa zimebaki na kuorodheshwa mkoani zilikadiriwa kuwa na hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao ulijumuisha pia maeneo ambayo tangu mwaka 2012 yamo katika mikoa ya Simiyu na Geita. Nazirudia takwimu hizo kila ninapopata nafasi, kwa kuwa hakuna kitalu cha halmashauri, hata kiwe kikubwa namna gani, ambacho kingeweza kutoa miche ya kuujaza ukubwa huo wa ardhi, wala hakuna maji ya kuimwagilia katika nchi inayopata mvua za milimita 600 hadi 800 kwa mwaka na kukaa kiangazi nusu ya mwaka.

Miti hiyo ilitoka wapi basi? Ilikuwa ardhini. Mti wa porini uliokatwa, iwe ni mgunga wa upande wa mashariki au mtundu wa miombo ya upande wa Kahama, mara nyingi haufi mizizi; kila mvua inaponyesha hutoa machipukizi, na kila machipukizi yanapofikia urefu wa kidole hupita mbuzi na kuyatafuna. Mtu anayepita hapo kwa miaka kumi ataapa kwamba ardhi ile imekufa, kumbe chini yake pana msitu mzima uliozuiwa kusimama. Vilevile maganda ya mgunga huliwa na ng'ombe, na mbegu zake hupita tumboni na kuangushwa pamoja na samadi mahali pengine, zikiwa tayari kuota. Ukiifunga ardhi kwa misimu mitatu au minne, nyasi hurudi kwanza, udongo huacha kusombwa, machipukizi huupita urefu wa mdomo wa mbuzi, ndege hupata pa kutua, na ndege akitua huacha mbegu za matunda aliyokula kwingine.

Kufunga ardhi ni kazi ya utawala, na hapo ndipo serikali ya kijiji inapoingia. Ngitili ya mtu binafsi huweza kulindwa na ukali wa mwenye nyumba, kama alivyokuwa babu yangu, lakini ngitili ya kijiji, yenye hekta mia moja au mia mbili, inapakana na watu wengi na kutamaniwa na wengi zaidi. Nilihudhuria mkutano mkuu wa kijiji uliojadili ngitili ya namna hiyo, chini ya mkwaju ulio jirani na ofisi ya mtendaji, na nakumbuka kwamba saa nzima ilitumika kwenye swali moja tu: faini ya ng'ombe itozwe kwa kichwa cha ng'ombe au kwa kundi? Mwenye ng'ombe mia alitaka iwe kwa kundi, na mwenye ng'ombe wanne alitaka iwe kwa kichwa. Mwenyekiti aliwaacha waseme mpaka walipochoka, kisha mama mmoja mzee akasimama na kuuliza kama nyasi anazokula ng'ombe wa mia ni pungufu ya zile anazokula ng'ombe wa nne. Ikapita faini ya kwa kichwa.

Kilichoamuliwa pale hakikuishia pale. Rasimu ya sheria ndogo ilipita kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ikafika kwenye baraza la madiwani la halmashauri ya wilaya, na ikarudi kijijini ikiwa na muhuri. Mamlaka ya kijiji kujitungia sheria ndogo yamo katika Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 pamoja na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimekipa kijiji nguvu ya kutenga msitu wake, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Hata hivyo, kilichoifanya sheria hiyo ishike kwetu ni kwamba haikuja peke yake. Dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, ilikuwa na kauli yake juu ya ngitili, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walikuwepo kumfuata mwenye ng'ombe aliyeingiza mifugo usiku. Mtu aliyeweza kubishana na mtendaji kuhusu stakabadhi hakuthubutu kubishana na wazee wa dagashida, kwa sababu aliyekaidi huko alijikuta siku ya msiba wake amebaki peke yake. Muhuri wa halmashauri na kauli ya wazee vilishikana mkono, na naamini kila kimoja kingeshindwa bila mwenzake.

Utafiti uliofanywa kwa Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN, na kutolewa mwaka 2005, uliorodhesha aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa katika ngitili zilizochunguzwa, pamoja na aina 145 za ndege. Baadhi ya ndege hao walikuwa wamekwisha kuhesabiwa kuwa wameadimika au wametoweka katika maeneo yale. Utafiti huohuo ulikadiria kwamba mazao ya ngitili yalimpa mtu mmoja thamani ya dola 14 hivi za Marekani kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa kijijini yalikuwa wastani wa dola 8.50. Hesabu hiyo huwashangaza watu wa mjini lakini haimshangazi shangazi yangu, anayeingia ngitili na kikapu kitupu na kutoka na kuni, mlenda wa porini, ukwaju wa kutia kwenye uji, na mizizi ya dawa ambayo haniambii jina lake mpaka nitakapokuwa, kwa maneno yake, nimetulia. Siku moja aliniita kwa ishara ya mkono tulipokuwa njiani, akanionyesha chipukizi la mpingo lililofika magotini, gumu na lenye miiba, limejificha katikati ya nyasi. Alisema tangu aolewe hakuwahi kuuona mpingo ukiota upande ule. Tuliuzungushia mawe matano ili mwenye panga asiukate, na kila ninapokwenda nyumbani hupita kuutazama.

Sitakuwa mkweli nikisema kwamba ngitili imewatendea wote sawasawa. Nyingi ni mali ya kaya, na mwenye ardhi kubwa ndiye mwenye ngitili kubwa. Wakati wa kiangazi huuza malisho kwa asiye nazo, na hivyo neema ya kiangazi hukusanyika palepale ilipokuwa. Kijana aliyeoa juzi na kurithi ekari mbili hawezi kuambiwa afungie moja. Wanyama nao hurudi na gharama zao: fisi huingia zizini kuchukua mbuzi, na kwelea kwelea hushuka kwenye mtama na uwele kama wingu, na mama mwenye shamba hulazimika kushinda humo tangu alfajiri akipiga debe. Ndiyo maana nazipa uzito zaidi ngitili za kijiji, za shule na za vikundi, ambamo asiye na ardhi ana haki ya kukata nyasi za kuezekea na kuokota kuni kwa siku zilizopangwa. Kama halmashauri ina fedha kidogo ya mazingira, ningeomba iende huko kwanza, kwa sababu ngitili ya babu yangu ilikuwa na babu yangu wa kuilinda.

HASHI ilifungwa mwaka 2004, na mzigo ukabaki kwa halmashauri. Halmashauri za leo zimepewa agizo la kupanda miti isiyopungua 1,500,000 kwa mwaka kila moja, na zinapimwa kwa hesabu hiyo. Naelewa nia ya agizo hilo na ninaiunga mkono, lakini nimeona linavyoweza kupotea njia. Niliwahi kujitolea katika halmashauri moja nje ya mkoa wetu ambako tulipanda miche elfu kadhaa kwa siku moja kwenye uwanja wa shule, mwishoni mwa mvua, mbele ya wageni waheshimiwa. Ilikuwa mijohoro, milusina na mikaratusi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo kwenye kitalu. Nilirudi mwezi Septemba. Viriba vyeusi vilikuwa vimetapakaa uwanjani, na mashimo mengi yalikuwa na kijiti kikavu ambacho kilichomoka nilipokigusa. Kule nyuma ya vyoo, mahali ambapo hakuna aliyepanda kitu na ng'ombe hawafiki kwa sababu ya ukuta uliobomoka, migunga michanga ilikuwa imesimama minane, mibichi kabisa. Katika taarifa ya mwaka, miche yetu ilihesabiwa yote kuwa imepandwa. Migunga minane haikuwa na safu ya kuandikiwa.

Ningependa safu hiyo iwepo. Afisa misitu wa wilaya akipeleka taarifa mwezi Juni, aulizwe pia ni hekta ngapi za ardhi zimefungiwa, ni vijiji vingapi vina sheria ndogo inayotumika, ni mizozo mingapi ya mipaka imesuluhishwa, na ni miche mingapi iliyopandwa miaka mitatu iliyopita ambayo ipo hai leo. Dodoma wameonyesha kwamba jambo hili linawezekana hata ndani ya mashamba ya watu. Tangu mwaka 2018 wakulima wa huko, wakihamasishwa na shirika la LEAD Foundation na wenzao wa Justdiggit kutoka Uholanzi, wamekuwa wakitumia njia wanayoiita kisiki hai: mkulima huchagua kisiki kinachochipua, huacha machipukizi machache yenye afya, hupogoa mengine, hufunga kitambaa cha kuwaambia wapita njia kwamba mti huu una mwenyewe, kisha huulinda. Hakuna kiriba wala kumwagilia. Vitalu viendelee, nami naviombea heri, lakini vioteshe mikwaju, ming'ongo, mibuyu na mipingo kwa ajili ya mahali ambapo visiki vimekwisha kabisa, na miti ya mbao na kivuli ibaki kwa wanaoitaka majumbani mwao.

Jambo jingine haliwezi kungoja, nalo ni mpango wa matumizi ya ardhi. Ngitili isiyochorwa kwenye ramani ya kijiji ni rahisi kugeuzwa shamba, kituo cha mifugo au viwanja mara tu uongozi unapobadilika, na watu wetu wanaongezeka kila mwaka huku ardhi ikibaki ileile. Kupima mipaka ya kijiji, kuweka vigingi na kukamilisha makaratasi ni kazi yenye gharama ambayo kijiji hakiwezi kuibeba peke yake. Halmashauri inaweza kuibeba, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ya upandaji miti ambayo hakuna mwingine wa kuifanya.

Ngitili ya babu imegawanywa sasa. Baba na wadogo zake walipata kila mmoja sehemu yake, na upande wa mbugani umelimwa mpunga, jambo ambalo siwezi kuwalaumu kwalo, kwa kuwa mpunga umesomesha watoto. Mwaka huu, baada ya mazungumzo marefu ya familia, tumekubaliana kwamba kipande kuanzia kwenye mkwaju hadi kwenye korongo kitabaki kimefungwa, na baba mdogo amepeleka barua kwa mtendaji ili kiingizwe kwenye ramani watakapokuja wapimaji. Uzio wa zamani wa minyaa umeanguka sehemu nyingi. Nimeahidi kufika nyumbani mwisho wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, tukate vipande vya minyaa na kuvichomeka kwenye mpaka mpya.